Mabaki ya Nuru

Kichwa cha plastiki kilisema ndiyo.

Sekela Mwambene alikuwa peke yake katika chumba cha vipimo, asubuhi, mvua ya Tukuyu ikipiga bati kama kawaida yake. Mezani mbele yake kilikaa kichwa cha majaribio, cheupe kama maziwa, kisicho na macho wala mdomo, ndani kimejazwa ute mzito unaopitisha nuru kama inavyopita katika mwili wa mtu. Alikuwa amekivika utepe kwenye paji la uso, akaunganisha waya, akawasha mtambo, kisha akatamka swali ambalo kila utepe wa Nyumba ya Wakimya hupimiwa.

"Unanisikia?"

Taa ya kijani ikawaka.

Akadhani amekosea kuunganisha. Akazima, akakagua waya mmoja mmoja, akafuta utepe kwa pamba yenye spiriti, akawasha tena. "Unanisikia?" Kijani. "Umechoka?" Kijani. Sekela akavuta kiti, akakaa akikitazama kile kichwa kama mtu anayemtazama mgeni aliyesema jambo lisilotarajiwa. Kisha, bila kujua hasa kwa nini, akaanza kukisimulia habari zake. Akakieleza kwamba ametoka Mbeya mjini majuzi tu kuja kuchukua nafasi ya fundi aliyestaafu, kwamba nyumba aliyopewa inavuja pembeni ya dirisha la jikoni, kwamba ndoo aliyoitega hapo hujaa kabla hajamaliza kupika, na mwisho akakiuliza kama kingependa kuhamia naye huko wakasaidiane kumwaga maji.

Hakuna taa iliyowaka. Mtambo ukaandika maneno ambayo ulipaswa kuyaandika tangu mwanzo: Hakuna jibu.

Akarudia maswali mafupi. Kijani. Kijani tena. Akashika meza kwa mikono miwili.

*

Nyumba ya Wakimya ilijengwa kwenye mteremko wa mlima, juu ya mashamba ya chai, kwa ajili ya watu ambao miili yao iliwafungia ndani. Wengine kiharusi, wengine ajali, wengine homa iliyopanda kichwani. Walilala macho yakiwa wazi au yamefumba, mashine ikiwapumulia, na hakuna aliyejua kama ndani yao bado kuna mtu, mpaka ulipokuja utepe.

Utepe ulikuwa kitu chembamba kama ukanda wa ngozi. Katikati yake kilikaa kijitaa, na kutoka sikio moja mpaka jingine vilipangwa vihisi vidogo sana vya nuru, mstari mmoja ulionyooka. Mgonjwa aliambiwa: ukitaka kukubali, imba moyoni wimbo unaoupenda, ukitaka kukataa, hesabu. Aliyeimba, damu yake ilikimbilia upande wa kushoto wa paji, ikaimeza nuru huko, na upande wa kulia ukabaki unang'aa. Hiyo ndiyo taa ya kijani. Aliyehesabu, kinyume chake, na taa ikawa nyekundu.

Sheria ilikuja baadaye. Mtu aliyeulizwa na watu wake, mbele ya daktari, kama anataka mashine izimwe, na akajibu ndiyo kwa maswali yote aliyopewa, kauli yake ilikubaliwa kama ya mtu mzima mwenye akili zake. Watu waliiita siku ya swali.

Asubuhi ile Sekela aliwasha chombo cha kuonyesha mapigo ya umeme, akaubana mguu mmoja wa chombo hicho kwenye waya wa saa ya mtambo na mwingine kwenye waya wa kutolea ishara. Mstari wa kijani ukacheza kiooni. Hakukaa sana kabla ya kuliona tatizo.

Kila kihisi hukusanya nuru na kuigeuza kuwa chaji, kama kikombe kinavyokusanya maji ya mvua. Kisha saa inapopiga, kila kikombe humimina kilicho nacho katika kikombe cha jirani, na jirani kwa jirani yake, mpaka chaji yote ifike mwisho wa mstari upande wa kushoto, inakosomwa. Ni kama watu waliojipanga kupeana ndoo nyumba inapoungua. Wakipeana taratibu, maji yote hufika. Wakiharakishwa, kila mkono hubakiza kidogo, na aliye mbali kuliko wote ndiye anayebaki na matope miguuni.

Saa ya mtambo huu ilikuwa imeharakishwa. Muulizaji alipofungua mdomo, kijitaa kiliangaza kwa nguvu ili vihisi vyote visawazishwe. Alipofunga mdomo, mtambo ulisoma jibu. Kwa mapigo ya zamani, mwanga ule wa kwanza uliondoka wote kabla ya usomaji. Kwa mapigo haya mapya, mabaki yake yalikaa upande wa kulia, ule wa taa ya kijani, yakipungua polepole. Aliyeuliza swali refu aliyapa muda wa kuisha. Aliyeuliza swali fupi aliyasoma mabaki, na mtambo ukayaita ndiyo.

Alilitazama lile umbo la mstari kiooni. Lilianza juu na kushuka, basi. Jibu la mtu haliko hivyo. Damu huchelewa. Jibu la mtu huanzia chini, hupanda taratibu kama mtu anayeinuka kitini, hukaa kidogo, kisha hushuka.

Ijumaa ile kulikuwa na siku ya swali. Mgonjwa aliitwa Atupele.

*

Dakta Mwaisumo, mkuu wa nyumba, alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mwenye sauti ya chini, aliyezoea kuwapa watu habari mbaya. Sekela alipomaliza, alivua miwani akaiweka juu ya meza.

"Mimi ndiye niliyeomba saa iharakishwe," alisema. "Wagonjwa waliongezeka. Familia zilikuwa zinasubiri barazani tangu asubuhi mpaka jioni kwa dakika chache za kuongea na mtu wao. Fundi akaniambia inawezekana. Tulipima kwa watu wazima wenye afya, wakajibu vizuri."

"Walijibu vizuri kwa sababu walikuwa wanajibu, Dakta. Aliyepo akikubali, huwezi kuyaona mabaki. Yanajificha nyuma yake. Na wale mliowaambia wakatae, nadhani waliulizwa maswali marefu."

"Walisomewa kurasa nzima. Tunaweza kuirudisha saa kama ilivyokuwa?"

"Leo hii."

"Basi irudishe. Ijumaa tutamuuliza Atupele kwa saa ya polepole, na mumewe Lugano tutamweleza kwamba kuna marekebisho."

"Na wale waliokwisha kuulizwa?"

Dakta akageukia dirisha. Nje, Bi Subilaga, msindikizaji wa familia, alikuwa anavuka ua na mwavuli, amemshika mkono mama mmoja mgeni, anamwonyesha pa kukanyaga ili asiteleze.

"Unamjua yule," alisema Dakta. "Alimuuliza baba yake hapa hapa. Mzee Anyosisye. Alikuwa mwanamke aliyevunjika, Sekela. Taa ya kijani ndiyo iliyomsimamisha. Baada ya msiba alirudi, akaniambia anataka kuwasindikiza wengine, kwa sababu yeye amepita na hajafa. Wangapi katika milima hii wanalala usingizi kwa ajili ya taa ile? Ukiwaambia haikuwa kweli, utawapa nini badala yake? Waliokwenda hawarudi."

"Unaniamuru nisiseme?"

"Sikuamuru. Nakuomba ufikiri."

Sekela alifikiri. Alirudi chumbani kwake, akaipunguza saa mwendo, akakijaribu kile kichwa kwa maswali mafupi na marefu, nacho kikanyamaza kwa yote. Hapo angeweza kufunga mlango na kwenda nyumbani. Kosa limetengenezwa, hakuna atakayeumia tena. Lakini alikuwa amemwona Bi Subilaga uani, na alijua kwamba Ijumaa mama huyo angemshika Lugano mkono, angemwambia kama anavyowaambia wote: usiogope, uliza, mimi nilijibiwa.

Akafungua hifadhi ya mtambo, akatafuta jina la Mzee Anyosisye.

Sheria ilitaka kila ishara itunzwe pamoja na sauti ya aliyeuliza. Akavaa visikizio. Sauti ya Bi Subilaga ilikuwa changa zaidi, au pengine ilikuwa ya mtu asiyelala. Baba, umechoka? Unataka kupumzika? Tukuache uende? Mistari yote ilianza juu na kushuka. Mabaki matupu, angalau kwa jinsi yalivyoonekana. Chini yake pangeweza kuwa na ndiyo, pangeweza kuwa na hapana, pangeweza kusiwe na kitu. Nuru ya kijitaa ilikuwa imefunika yote.

Hapo angeacha. Lakini kulikuwa na usomaji mwingine, wa jioni iliyotangulia, ambao hakuna aliyeutazama kwa sababu haukuhusu sheria. Ulikuwa wa swali refu, lililozungukazunguka. Sekela alilisikiliza lote huku akiangalia kiooni. Mabaki yaliisha kabla mama yule hajafika nusu ya maneno yake. Mstari ukalala chini kabisa. Kisha, baada ya swali, ukaanza kupanda taratibu, ukakaa, ukashuka.

Sekela alivua visikizio. Sasa alijua jambo zito kuliko lile alilokuwa akilitafuta: kwamba ndani ya mzee yule, siku moja kabla mashine haijazimwa, kulikuwa na mtu.

*

Alimkuta Bi Subilaga kwenye chumba cha nguo, akikunja mashuka. Alikuwa ameshona sare za shule maisha yake yote, na hata shuka alilikunja kama kitu kitakachokaguliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Unakula huko kwako?"

"Ninakula." Sekela akashika ncha mbili za shuka, wakakunja pamoja, wakasogeleana na kuachana. Alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakampotea. "Mama, nina habari ya utepe. Ni mbaya. Nimeona uisikie kwangu kabla hujaisikia popote."

Akamweleza. Akamweleza ndoo, na haraka, na mabaki, na kile kichwa cha plastiki kilichosema ndiyo. Bi Subilaga aliendelea kukunja mpaka mikono yake ikasimama yenyewe.

"Kwa hiyo ile ndiyo ya baba," alisema, "haikuwa yake."

"Siwezi kusema haikuwa yake. Naweza kusema mtambo haukuisoma kwake. Ungesema vile vile kama angekuwa jiwe."

"Basi yeye alisema nini?"

"Sijui, mama. Hakuna atakayejua."

Mvua ilikuwa imepungua, na sauti ya mashine za kufulia ikasikika kutoka chumba cha pili. Bi Subilaga aliketi juu ya kapu la nguo lililofunikwa. Alionekana kama mtu anayehesabu vitu vyake baada ya wezi kupita.

"Niambie jambo moja," alisema hatimaye. "Madaktari wa Mbeya waliniambia baba alikuwa ameshaondoka zamani, kwamba tulikuwa tunalisha mwili tu. Kama ni hivyo, basi sikumfanyia kitu. Nilizima mashine, siyo mtu. Wewe umetazama. Alikuwepo, au hakuwepo?"

Hili ndilo swali ambalo Sekela aliliogopa njia nzima. Jibu moja lingemwacha mama huyu akalale. Hakuna ambaye angemsuta. Hifadhi ile haifunguliwi na mtu mwingine, na Dakta angeshukuru. Neno moja tu, tena la huruma. Alimwangalia yule mama mikono yake, vidole vilivyochomwa na sindano kwa miaka mingi, na akawaza kwamba mama huyu amekwisha kudanganywa mara moja na kitu kilichotaka kumfurahisha.

"Alikuwepo," alisema.

Bi Subilaga hakulia. Aliinuka, akaweka shuka la mwisho juu ya mengine, akalinyoosha pembe, akatoka. Sekela alimwona akivuka ua bila mwavuli.

*

Siku zilizofuata Bi Subilaga hakuja kazini. Dakta Mwaisumo alipoambiwa yaliyotokea hakugomba. Alisema kwamba kama mmoja ameshajua, wote watajua, na ni afadhali wajue kwake. Akaanza kuwaita, familia moja baada ya nyingine. Wengine walimshukuru. Mwanamume mmoja alimtemea mate. Dakta alijifuta kwa leso na kumsindikiza mpaka getini.

Lugano, mume wa Atupele, ndiye aliyeitwa wa kwanza. Alikuwa mkulima wa viazi, mrefu, mpole, na mkewe alikuwa fundi wa umeme wa jua aliyeanguka kutoka kwenye paa la shule. Kila asubuhi kabla ya shamba alipita kumuuliza Atupele kama anamsikia, na kila asubuhi taa ilimjibu.

"Kwa hiyo muda wote huu nilikuwa naongea na taa," alisema.

"Ulikuwa unaongea naye," Sekela alisema. "Taa ndiyo iliyokuwa inaongea na wewe. Yeye hatukumpa nafasi."

Lugano alitaka siku ya swali iahirishwe, kisha akataka isiahirishwe. Alisema hawezi kurudi nyumbani na kitu hicho kifuani.

Ijumaa, basi, walikusanyika chumbani kwa Atupele: mumewe, Dakta, na Sekela nyuma ya mtambo. Saa ilikuwa polepole. Walikuwa hawajaanza mlango ulipofunguliwa, akaingia Bi Subilaga. Amevaa nguo zake za kazini. Macho yalikuwa yamevimba, lakini hatua zake zilikuwa zile zile. Hakumsalimia mtu. Akaenda moja kwa moja kwa Lugano, akavuta kiti.

"Mimi ninawaambia watu waulize kwa ufupi na wasitetemeke," alisema. "Niliwafundisha vibaya. Usimuulize kama hakimu. Mweleze kwanza. Ukifika kwenye swali, fika umechoka kuongea."

Lugano akamshika mkewe mkono. Kisha akaanza. Akamwambia viazi vya mwaka huu vimepatwa na ugonjwa wa baka, sehemu ya bondeni imeokoka. Akamwambia binti yao Ipyana amekataa kusuka nywele na mtu mwingine, amesema anasubiri. Akamwambia kuhusu taa, kwamba alidanganywa, na kwamba anamwomba radhi kwa asubuhi zote alizoondoka upesi akidhani ameshajibiwa.

"Sijachoka nawe," alisema. "Hilo nataka ulijue. Wananiambia labda unateseka, na mimi sina namna ya kuona kama unateseka. Kama unataka kupumzika, nitakuacha, na mtoto nitamlea, na sitakulaumu mbele za watu wala moyoni. Kama hutaki, nitakuja kesho, na kesho kutwa, hata kama sitajibiwa kitu. Kwa hiyo nakuuliza, mama Ipyana, na chukua muda wako. Tuizime hii mashine?"

Mtambo ulikaa kimya. Kiooni mstari ulikuwa umelala, na Sekela alihisi sekunde zikipita shingoni mwake. Dakta aliinamisha kichwa. Kisha upande wa kushoto wa mstari ukainuka, kidogo, ukaendelea kuinuka, taratibu, kama mtu anayeshika ukuta asimame. Ukakaa. Ukashuka.

Taa nyekundu ikawaka.

Lugano aliiangalia taa, akamgeukia Sekela. Hakuiamini taa tena. Alitaka mtu amwambie.

"Ni yeye," alisema Sekela. "Amekataa."

Mwanamume yule mrefu akateleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, akaweka paji lake kwenye kitanda karibu na mkono wa mkewe, mabega yakatikisika bila sauti. Bi Subilaga alimwekea mkono mgongoni mpaka alipotulia. Kisha akatoka nje.

*

Sekela alimkuta barazani, amesimama akitazama chai iliyolowa ikishuka mpaka ukungu ulipoimeza. Akasimama pembeni yake.

"Baba angeweza kukataa vile," alisema Bi Subilaga. "Angehesabu. Alikuwa hodari wa kuhesabu."

"Ndiyo, mama."

"Sikuamka kukushukuru leo. Wala sijui kama nimekusamehe. Nimekuja kwa sababu ya huyu kijana." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini kuna jambo nimelala nalo. Ulisema alikuwepo. Ulijuaje?"

"Kuna swali moja alilokujibu. Swali refu, mabaki yakaisha. Jibu ni lake kabisa."

"Swali gani?"

Sekela alimweleza kama alivyolisikia kwenye visikizio. Ilikuwa jioni, mvua imeanza, na manesi walitaka mlango wa chumba ufungwe kwa sababu ya baridi. Bi Subilaga alimwambia baba yake kwamba anajua hapendi kulala bila kuisikia mvua, kwamba tangu mama yao afe alikuwa analala mlango wazi na watoto wote wakimgombeza, na kwamba kama anataka, yeye atabishana na manesi na atamletea blanketi jingine. Aseme tu, auache wazi?

"Akasema ndiyo," Sekela alisema. "Alichelewa kidogo, halafu akasema ndiyo. Niliuona wimbo wake ukipanda."

Bi Subilaga alishika nguzo ya baraza.

"Nesi alikuja kuufunga," alisema taratibu, kama mtu anayeokota kitu gizani. "Mara mbili. Nikamwambia hapana, mzee hataki. Nikakaa hapo kizingitini na kanga yangu, mvua inanirushia, mpaka kukacha."

Akavuta pumzi, na sasa ndipo machozi yalipomtoka.

"Niliuacha wazi, mwanangu. Usiku mzima niliuacha wazi."